Wajawazito Hawaruhusiwi

Loisi alikuwa amepiga magoti ndani ya kile chumba cha mbao, akifuta jasho la mtu mwingine. Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa bwana mzito wa mwili. Alikuwa ameacha alama ya makalio yake kwenye benchi, na chini, pale alipoweka miguu, palikuwa pametuama maji ya chumvi. Chumba chenyewe hakikuzidi sana kabati la nguo la mtu mwenye uwezo. Mbao za rangi ya asali pande zote, mlango wa kioo, na ukutani mabamba meusi ambayo yakiwashwa hayatoi moto wala mvuke. Yanatoa joto tu, joto linaloingia nyamani kabla ngozi haijajua. Wateja walikiita sauna ya infraredi. Loisi na wafagizi wenzake walikiita kabati.

"Dada Elieth," alisema bila kugeuka, "hebu niangalizie mgongoni. Naona kama zipu imeachia tena."

Elieth aliweka chini taulo alizokuwa anakunja. Sare ya bluu ya Loisi ilikuwa imefunguka kuanzia kiunoni kupanda juu, na nyama ya mgongo ikionekana. Akatafuta pini kwenye droo, akavuta pande mbili za kitambaa zikutane, akabana, kisha akaishusha aproni ifunike. Vidole vyake vilipopita ubavuni alilihisi tumbo, gumu na duara, lililofichwa kwa khanga iliyokazwa sana.

"Tutafika mahali hata pini zitakataa," Elieth alisema kwa Kigogo, kwa sauti ya chini.

"Nitaongezea kipande cha kitambaa pembeni. Jirani yangu ana cherehani."

"Mwambie Madam mapema, Loisi."

"Kama Angelina alivyomwambia?"

Elieth alirudi kwenye taulo zake. Angelina alikuwa mfagizi pale Burudiko kabla ya Loisi. Alimwendea Madam Devota, mwenye nyumba hiyo ya mapumziko, ofisini, akamweleza kwa adabu kwamba ni mjamzito, na Madam akampa hongera, akamshika mkono, akamwambia aende nyumbani akapumzike mpaka atakapoitwa. Mtoto wa Angelina sasa anatembea, na mama yake bado hajaitwa.

Loisi alitoka mbali, ng'ambo ya Msalato. Shamba la uwele alilokuwa analima na mumewe liliingia kwenye eneo lililopimwa viwanja. Mume, Yoramu, akageukia kuponda kokoto, na yeye akaanza kudamka gizani kufuata kazi mjini. Walikuwa wameishi miaka mingi bila mtoto. Mama mkwe alishaanza kumtaja waziwazi binti fulani wa kijiji cha pili, mwenye nyonga pana. Mimba hii ilipokaa, Loisi hakumwambia mtu kazini isipokuwa Elieth, na hata yeye alimwambia kwa sababu alimkuta anatapika kwenye sinki la kufulia.

"Usiniseme, dada," alimwomba siku ile.

Elieth hakumsema. Alilichukua hilo kama fadhila aliyomfanyia mwenzake, na kila alipombana pini alijiona mtu mwema.

Yeye Elieth hakuwa mfagizi. Alimaliza kidato cha nne, ana sura ya kupendeza na Kiswahili kilichonyooka, kwa hiyo Madam alimweka awe msimamizi wa sauna. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja, kuwapa taulo na maji ya ndimu, kuwaeleza namna joto linavyolegeza misuli, linavyotuliza akili ya mtu aliyechoshwa na vikao, linavyoleta usingizi. Kisha aliwasomea watu wasiopaswa kuingia: wenye ugonjwa wa moyo, waliokunywa pombe, wajawazito. Maneno hayo yalibandikwa pia kwenye kioo cha mlango, pamoja na mchoro wa mwanamke mwenye tumbo aliyepigwa mstari mwekundu. Loisi alikifuta kioo hicho kila siku.

Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma ulikuwa unapuliza vumbi lenye baridi ya kukata masikio. Huo ndio msimu wa Burudiko. Jumamosi ile walikuja kina mama wa kikundi kimoja, wake wa wakubwa waliohamia na serikali, kuangalia kama panafaa wajiunge kwa pamoja. Madam Devota alivaa gauni lake la kitenge cha dhahabu. Aliwatembeza chumba cha kukandwa, akawatembeza bustani ya nyuma, akawaleta mbele ya kabati.

Wakasita. Mmoja alisema linafanana na jeneza lililosimamishwa, wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyesogea.

"Halina neno kabisa," Madam alisema. "Elieth, ingia uwaoneshe."

Elieth alikuwa ametoka saluni asubuhi hiyo. Alasiri kulikuwa na kicheni pati ya binamu yake, na yeye ndiye aliyechaguliwa kusimama mbele pamoja na bibi harusi mtarajiwa. Nywele zilikuwa zimewekwa dawa, zimenyooshwa, zimesetiwa zikamwagika begani. Jasho kidogo tu lingeziharibu.

"Madam, nywele zangu," alisema akitabasamu kwa aibu. "Labda Loisi aingie. Yupo hapo."

Maneno yalimtoka hivyo, mepesi, kama mtu anayemwelekeza mgeni kiti. Aliyasikia baada ya kuyasema. Loisi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

Madam alimtazama Loisi kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Haya, weka ndoo. Kavue sare, ujifunge taulo kubwa, uingie."

Loisi alimtazama Elieth. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake aseme jambo, na Elieth alipogeuka kuchukua taulo, aliichukua ile kubwa kuliko zote, nene, akamfunga nayo yeye mwenyewe kuanzia kwapani mpaka chini ya magoti, mikunjo yote akaileta mbele. Hakuna aliyeona kitu. Ni kidogo tu, Elieth alijiambia. Watapiga picha, watacheka, atatoka.

Akafunga mlango, akawasha.

Kina mama walitoa simu. Taa nyekundu ya ndani ilimpaka Loisi usoni, naye alikaa wima mwishoni kabisa mwa benchi, mikono imefumbatwa juu ya tumbo, akitazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Elieth alianza maelezo yake. Misuli, akili, usingizi. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, laini, haina mkwaruzo.

"Na mjamzito je?" aliuliza mama mmoja mwenye miwani. "Binti yangu anatarajia. Ningependa kumleta apumzike."

"Hapana, mama. Mjamzito haruhusiwi," Elieth alijibu. "Joto la mwili likipanda sana linaweza kumdhuru mtoto."

Loisi aliinua macho. Kioo kilikuwa kinene, na Elieth hajui mpaka leo kama alisikia au aliona tu midomo yake ikitembea. Aliona tu macho yale yametua kwake na hayaondoki. Mkono wake ulikuwa karibu na swichi.

"Tumtoe sasa, Madam?"

"Mwache kwanza, jasho ndiyo linaanza. Hapo ndipo sumu za mwilini zinatoka."

"Huyu naye ana sumu gani?" alisema mama mwingine. "Si anakula mlenda tu?"

Wakacheka wote. Madam alicheka, na Elieth akajikuta meno yake nayo yako nje. Mazungumzo yakahamia kwenye bei, kutoka hapo yakahamia kwenye mgongo wa mume wa mtu, kisha kwenye maji ambayo hayajatoka bombani mtaani kwao. Ndani ya kabati jasho lilikuwa linadondoka kidevuni mwa Loisi. Kisha akagonga kioo, kwa kifundo cha kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepiga hodi kwa wakwe.

"Anapiga hodi," alisema yule wa mlenda, na kicheko kikapanda tena.

Elieth alifungua. Loisi alisimama, akasema "Asanteni," akavuka kizingiti, na magoti yakakatika. Alianguka kifudifudi juu ya ngazi ya mbao iliyo mbele ya mlango. Ukingo wa ngazi ulimpata tumboni.

Kwenye gari, kuelekea hospitali, Madam aliendesha mwenyewe. Loisi alilazwa kiti cha nyuma juu ya taulo, kichwa mapajani mwa Elieth, akinong'ona maneno ambayo hayakukamilika. Taulo ya chini ilianza kubadilika rangi.

"Madam," Elieth alisema, "ana mimba."

Macho ya Madam yalimpata kwenye kioo cha juu. Alivuka makutano kwanza.

"Umejuaje?"

Elieth alimfuta Loisi jasho la usoni.

"Kwa hiyo ulijua," Madam alisema taratibu, kama mtu anayepokea kitu na kukiweka mahali salama. "Ulijua, na ukamtaja wewe aingie."

Mtoto hakunusurika. Alikuwa wa kiume, nesi alisema. Daktari aliyewapokea, kijana aliyekuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliulizwa na Madam swali moja tu, akalijibu kwa uangalifu: huenda ni joto, huenda ni kuanguka, huenda mimba ilikuwa na shida zake tangu mwanzo. Hawezi kusema kwa hakika ni lipi. Madam alimshukuru sana.

Elieth alikwenda kwenye kicheni pati. Alichelewa, lakini alikwenda, kwa sababu alikuwa ameahidi na kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Alisimama mbele, akashika sinia la zawadi. Shangazi yake alipita nyuma yake, akamwambia nywele zimekaa vizuri kweli, alizitengenezea wapi? Akamtajia saluni. Kesho yake aliziosha kwa maji ya baridi na sabuni ya kufulia, akazisugua mpaka zikasimama zote, na hilo halikumsaidia kitu.

Yoramu alikuja Burudiko katikati ya wiki. Alikaa kwenye ncha ya sofa jeupe la ofisini, vumbi la kokoto bado likiwa kwenye kope. Madam alikuwa amemwita mwenyekiti wa mtaa, mzee Sostenes, ambaye kila mwisho wa wiki aliingia kwa mlango wa nyuma kuupasha mgongo wake joto na kutoka bila kupita mapokezi.

"Shikamoo, mzee," alisema Yoramu.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hii ni mipango ya Mungu, sisi hatuwezi kuihoji."

"Sikuja kuihoji, mzee. Wala sikuja kudai." Alichagua maneno ya Kiswahili moja moja. "Nimekuja kuuliza tu. Nani kamwambia mke wangu aingie mle?"

"Swali zuri," alisema Madam. "Msimamizi wa kile chumba ni Elieth. Yeye ndiye aliyekuwepo. Elieth, mweleze kaka."

Asubuhi hiyo, kabla Yoramu hajafika, Madam alikuwa amemfuata Elieth kwenye chumba cha taulo na kufunga mlango. Hakugomba. Alimwambia tu kwamba yeye hapendi uongo, na kwamba wakianza kusema ukweli itabidi wauseme wote mpaka mwisho: nani alimtaja Loisi, nani alijua, na kwa sababu ya nini. Kwa sababu ya nywele, Elieth. Watu watasemaje?

"Aliingia mwenyewe," Elieth alisema. "Alisema anasikia baridi."

Ingetosha. Lakini akajikuta anaongeza. "Mimi nilikuwa nje nachukua taulo. Niliporudi nikamkuta tayari yuko ndani."

"Umesikia, mwanangu," alisema mzee Sostenes. "Hakuna aliyemlazimisha. Wanawake wa siku hizi wanapenda kujaribu vitu."

Yoramu hakumtazama mzee. Alikuwa anamtazama Elieth.

"Ndiye wewe uliyekuwa unamfunga pini?" aliuliza.

"Ndiyo."

Elieth alisubiri wamuulize. Pini gani, ya nini, tangu lini. Madam aliinamia simu yake. Mzee Sostenes alikohoa, akasema basi, kama kila mmoja ameridhika, wafunge kikao kwa sala. Wakainamisha vichwa, mzee akaomba. Baada ya amina Madam alimpa Yoramu kiroba cha mchele na blanketi. Blanketi Yoramu aliliacha juu ya sofa. Mchele aliubeba. Hakuwa na namna ya kuuacha.

Zilipita siku Elieth akijiambia atakwenda kesho. Hatimaye alikwenda. Alipanda bodaboda hadi barabara ya lami ilipokwisha, akamalizia kwa miguu katikati ya vigingi vya viwanja na mabua makavu ya uwele. Nje ya nyumba mama mkwe alikuwa anapepeta nafaka. Elieth alipiga goti, akamwamkia. Mama aliitikia bila kuinua macho kwenye ungo.

Ndani, Loisi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa amekonda usoni. Alipomwona Elieth alijaribu kusimama ili amletee kigoda.

"Kaa, kaa," Elieth alisema, akakaa naye chini. Njia nzima alikuwa amejipangia maneno, na sasa aliogopa akichelewa yatamkimbia. "Loisi, siku ile, mimi ndiye niliyesema uingie wewe. Madam alinituma mimi. Halafu kule ofisini nikasema..."

"Najua. Yoramu alinieleza."

"Nilidanganya."

"Ungesemaje?" Loisi aliuliza, na hapakuwa na kejeli ndani yake. "Ungesema vingine tungekosa kazi wote wawili. Mimi ndiye niliyeficha, dada. Mwenye kuficha ni mimi."

Nje ungo ulikuwa unapiga, sh, sh, kisha unatulia.

"Ulinisikia nilipogonga?"

"Nilikusikia."

"Nilitaka kugonga mapema. Nikaona aibu. Wale kina mama walikuwa wageni, nikasema nitamwaibisha Madam." Alikunja pembe ya khanga, akaikunjua. "Dada, nataka nikuombe kitu. Niombee kwake nirudi. Humu ndani..." Alitupa macho mlangoni, akashusha sauti. "Humu ndani nisipoleta chochote, yule binti ataletwa kabla ya mvua. Mwambie Madam sasa sina kitu tena. Mwambie naweza kuinua hata zile ndoo kubwa."

Elieth alikuwa amekuja apigwe, au afukuzwe, au alaumiwe kwa maneno atakayokwenda nayo nyumbani yamle moyo. Badala yake alitumwa. Akasema ndiyo, nitamwambia.

Akamwambia kweli. Madam alisikiliza hadi mwisho, akasema yeye hana kinyongo na mtu, Loisi ni mchapa kazi, aje. Ila lazima wajifunze kutokana na yaliyotokea. Burudiko ni mahali pa afya, na afya inaanzia kwa wafanyakazi wenyewe. Akawakusanya wanawake wote, wafagizi, wakandaji na wa jikoni, akawaeleza utaratibu mpya kwa sauti ya upole. Ni kwa usalama wenu, alisema. Sitaki mwingine aumie. Atakayekutwa hivyo atapewa nafasi ya kupumzika nyumbani.

Akamchagua Elieth asimamie, kwa kuwa ndiye aliyesoma na wenzake wanamwamini.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwezi Elieth alisimama nje ya choo cha wafanyakazi, amevaa glavu, mbele yake meza ndogo yenye boksi la vipimo vya mimba. Wanawake walijipanga kando ya ukuta, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, hawatazamani. Mpishi, mama mtu mzima ambaye hedhi yake ilishakoma, alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Loisi alikuwa wa kwanza. Alitaka kuwahi kulisafisha kabati kabla mteja hajafika. Alitoka chooni katika sare yake ya bluu, ambayo sasa zipu yake ilipanda bila taabu mpaka shingoni, akakitoa kikombe kwa mikono miwili na kukunja goti kidogo, kama anavyompa mkubwa maji ya kunywa.

Elieth alichovya kile kijikaratasi. Wakasubiri, wote wawili wameinamisha vichwa.

Ukatokea mstari mmoja tu, wa asiye na mimba.

"Si nilikwambia," alisema Loisi. Akatabasamu, akachukua ndoo yake, akaenda.

Elieth alibaki na kikombe mkononi. Kilikuwa bado na joto la mwili, na lilimpenya ndani ya glavu. Nyuma ya Loisi mwanamke aliyefuata alisogea mbele.